Diski ya Saba

Mtoto alikuwa analia tena kwenye benchi la mapokezi. Inspekta alimsikia tangu getini, akajua kuwa ni saa moja na nusu asubuhi bila hata kutazama saa, maana bibi yake alikuwa akimleta kituoni mara tatu kwa siku ili anyonye. Mama yake alikuwa mahabusu. Alikuwa fundi cherehani, mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na hii ilikuwa siku yake ya kumi ndani tangu akamatwe kwa kumuua jirani yake kwa pasi.

"Shikamoo, mama," Inspekta alimwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Leo maziwa hayatoki. Anasema yamekauka kwa mawazo." Bibi alimhamisha mtoto begani. "Eti kesho mkishampeleka mahakamani, huko gerezani nako wataniruhusu nimpelekee?"

Inspekta alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini na sita kazini. Akasema, "Tutaona, mama," kisha akajichukia kwa kulisema, maana hilo ndilo jibu ambalo serikali humpa kila mtu inapotaka aondoke. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Kama si aibu, angekaa palepale kwenye benchi naye alie kidogo.

Bosi wake, Mkuu wa Kituo, alimwita kabla hajatua mkoba.

"Jalada la fundi cherehani nalitaka mezani kwangu saa tisa. Kesho asubuhi anasomewa shitaka."

"Limebaki jambo moja. Maelezo ya Matroni wa chuo cha wauguzi hayana sahihi."

"Yale ya diski? Si yanamhusu mpwa wa marehemu? Tulishamtoa kwenye hesabu."

"Tulimtoa kwa maneno ya simu, mkuu. Matroni mwenyewe hajasaini."

"Kasainishe, urudi. Usije ukaniletea hadithi." Akarudi kwenye makaratasi yake, halafu akainua kichwa. "Na hilo goti katibiwe, unatembea kama meza iliyovunjika mguu."

Ndani ya gari Inspekta alilifungua jalada kwa mara ya mia. Marehemu aliitwa Mzee Kanda. Kazi yake ilikuwa kuhamisha kanda za zamani za watu kwenye diski, akiifanyia sebuleni kwake, na kuchoma nakala za sherehe kwa wanaotaka. Jumamosi ile alikutwa chini, katikati ya rafu zake, kichwa kimepigwa kwa pasi. Daktari alisema alikufa kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja jioni. Aliyemkuta, saa kumi na moja na nusu, ni Mama Pindo mwenyewe, na damu ilikuwa imemjaa mikononi. Pasi ilikuwa yake. Alikuwa amempa mzee amtengenezee, wiki tatu zikapita, na asubuhi ya siku ile alisimama mlangoni pa mzee akapiga kelele mpaka wenye maduka wakatoka: "Leo usiponipa pasi yangu, tutaonana wabaya!" Kwa mpelelezi aliyechoka, kesi kama hiyo ni kama kitanda kilichotandikwa. Inspekta alikuwa amejilaza juu yake siku kumi sasa, na usingizi haukuja.

Mwingine wa kushukiwa, maana alikuwa na ufunguo wa nyumba ile, ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Lakini huyo alikuwa na diski zake. Siku hiyo alikuwa chumbani kwake, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, akichoma, kwa jina la mjomba wake aliyemfundisha kazi, nakala ishirini za filamu ya mahafali ya wauguzi. Mama mwenye nyumba alimwona akianza saa nane mchana, akaenda kwenye shughuli zake, akarudi saa kumi na mbili akamkuta bado anachoma. Saa moja kamili Matroni alikuja kuzichukua, zote ishirini. Mpwa alikuwa na mashine moja tu ya kuchomea, na diski moja kwa spidi ya nne, ile ya taratibu, inachukua robo saa. Robo saa mara ishirini ni saa tano. Kila robo saa lazima awepo atoe iliyokwisha, aweke nyingine. Kompyuta yake ilikuwa kongwe, saa yake ya ndani imekufa, kwa hiyo wataalamu hawakupata kitu humo. Lakini nani aliwahitaji? Hesabu ilijitosheleza.

Na hakuna aliyeuliza habari ya spidi. Kila mtu alijua kwamba kazi inayotoka kwa jina la Mzee Kanda huchomwa kwa spidi ya nne, basi.

Ofisi ya Matroni ilikuwa na dirisha moja, kabati la chuma na kalenda ya mwaka jana. Matroni alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye sauti ya kuamrisha sindano ziingie zenyewe. Alisaini maelezo bila kuyasoma mara ya pili. Halafu akavuta boksi la karatasi kutoka chini ya meza.

"Kwa kuwa umekuja, mwenzangu, niambie nizirudishe kwa nani hizi. Nilikuwa nangoja matanga yapoe nikalalamike."

"Zina nini?"

"Zinakwama. Filamu inakwenda vizuri, wanaingia ukumbini, hotuba, nyimbo. Ikifika mwishoni, pale wanapokula kiapo, picha inaganda, inakatikakatika, kwisha kazi. Kiapo! Mzazi ameuza kuku wake wote amsomeshe mtoto, anataka kuona kitu kimoja tu, na hicho ndicho hakipo."

"Zote ishirini?"

"Kumi na nne. Sita hazina neno. Nilizikusanya zote, nikazijaribu moja moja kwenye mashine ya chuo, nikaandika." Akampa karatasi. "Mimi nimezoea chati."

Karatasi ilikuwa na majina ya wahitimu, na mbele ya kila jina neno moja: nzima, mbovu, mbovu, nzima. Haikuwa na mpangilio wowote. Inspekta aliitazama kwa adabu tu, akili yake ikiwa kwenye goti. Akachukua diski moja ndani ya boksi, akaigeuza. Katikati, kwenye kile kiduara kisicho na rangi kinachozunguka tundu, palikuwa na namba ndogo ya mkono: 11.

Akachukua nyingine. 3. Nyingine, 17.

"Hizi namba umeandika wewe?"

"Hapana. Nilidhani ni za kiwandani."

Inspekta akazimwaga zote mezani. Goti alilisahau. Alizipanga kwa namba, moja hadi ishirini, huku Matroni akisoma jina lililoandikwa juu ya kila moja na kulitafuta kwenye chati yake.

"Namba moja?"

"Nzima."

"Mbili?"

"Nzima."

Walikwenda hivyo mpaka sita. Nzima zote. Kuanzia saba mpaka ishirini, zote mbovu, hata moja haikuruka mstari.

"Ehee," alisema Matroni taratibu. Alikuwa amekaa na wagonjwa muda wa kutosha kujua homa inapopanda. "Baada ya ile ya sita kulitokea nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Naomba hizi nizichukue, na hiyo chati yako nayo uisaini."

Kwenye gari alitoa daftari la Mzee Kanda, lililokuwa kwenye mfuko wa vielelezo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amelisoma mara mbili akitafuta jina la adui, akaambulia mafundisho ya diski tu. Sasa alilisoma upya, polepole, akitembeza kidole.

"Muulize mteja kwanza ana mashine gani nyumbani. Nyingi za zamani hupokea diski za alama ya kutoa (-) na kuzikataa za kujumlisha (+). Ukimpa isiyosoma atasema wewe ndiye mwizi."

"Diski ya kufutika ni ya kujaribia tu. Anayeweka harusi yake humo ajiandae kuoa tena."

"Usibandike karatasi juu. Ikizunguka inapepesuka. Usiandike juu kwa kalamu ya ncha kali. Andika namba kwenye kiduara cha katikati, kwa mpangilio wa kuchoma, ili mbovu ikirudi ujue ilitoka lini."

"Spidi ya nne. Mwenye haraka aende kwa wengine."

Na ukurasa wa mwisho, siku ya Ijumaa, kwa mwandiko ulioandikwa kwa kukandamiza: "Kanda ya mjane. Diski ya kufutika! Nimemwambia. Hizi ishirini za chuo, basi."

Mara zote mbili za kwanza Inspekta alidhani mzee anazungumza habari za akiba ya diski; sasa aliyaona kuwa ni maneno ya kumwachisha mtu kazi. Aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari. Siku kumi alikuwa na maneno hayo mfukoni. Alijisikia mzee na mjinga, na alichukia zaidi kuwa mjinga.

Binti wa marehemu alimfungulia mlango akiwa na ufagio mkononi, kitambaa kichwani, macho mekundu. Alikuwa karani, amechukua likizo kuja kuifunga nyumba ya baba yake. Sebule ilikuwa kama ilivyokuwa: rafu hadi darini, kanda upande huu, diski upande ule, mashine ya kuchomea juu ya meza imefunikwa kitambaa.

"Muuaji mnaye," alisema binti. "Mnataka nini tena hapa?"

"Macho yako. Baba yako alikufundisha kazi hii?"

"Nilikua chini ya meza hiyo, Afande. Watoto wenzangu walikuwa wanacheza, mimi nafuta vumbi kwenye diski." Akaweka ufagio ukutani, kwa shingo upande. "Lete."

Inspekta hakumwambia zilikotoka. Alimpa namba sita na namba saba. Binti alizishika kwa pembeni, kidole kwenye tundu, bila kugusa uso, akaenda dirishani. Aliilaza ya kwanza kwenye mwanga, akaigeuza kidogo huku na huku.

"Hii ni kazi safi. Rangi ni sare toka ndani mpaka nje. Spidi ya nne."

"Na hiyo nyingine?"

Binti aliilaza. Akaisogeza karibu na jua.

"Njoo uone. Unaona miduara hii? Mmoja hapa, mwingine pale, wa tatu karibu na ukingo. Hii imechomwa kwa spidi ya juu kabisa. Mashine za aina hii haziendi kasi kwa mkupuo. Zinapanda ngazi, na kila zinapopanda zinaacha alama. Baba alikuwa akiona alama hizo anairusha diski jalalani, hata kuijaribu hataki."

"Inakwama wapi ikichomwa hivyo?"

"Mwisho. Mashine inaanzia ndani inakwenda nje, na kule nje ndiko kasi inakozidi, makosa yanajaa."

"Labda diski zenyewe ni mbovu. Za bei rahisi."

Binti aligeuza zote mbili akasoma herufi ndogondogo zilizochapwa karibu na tundu. "Alama ya kiwanda ni moja, boksi ni moja. Ni zile nzuri, baba alikuwa anaziagiza mwenyewe. Ni uvivu wa mchomaji tu huu. Nani kachoma?"

Inspekta alijifanya hajasikia. "Mashine kama ile iliyochoma hizi tunaweza kuipata wapi?"

"Yenye kuacha alama hizi? Baba alinunua mbili siku moja. Moja ni hiyo hapo mezani. Nyingine alimpa..." Hapo binti alikoma. Akaitazama diski iliyokuwa mkononi mwake, ile namba 7 yenye mkia mrefu, akautambua mwandiko wa binamu yake.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Inspekta.

"Sikai." Akakiondoa kitambaa kwenye mashine, akaiwasha. Mikono yake ilijua njia. "Unataka kujua inachukua muda gani. Tupime."

Walichoma diski moja kwa spidi ya juu, filamu ileile ya mahafali waliyoinakili kutoka namba sita. Inspekta alishika saa yake ya mkononi. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikanguruma zaidi. Wanawake wawili walisimama kuitazama kama wanaongoja maji yachemke. Dakika nane, pamoja na kutoa na kuweka nyingine.

Inspekta aligeuza chati ya Matroni akaandika nyuma yake. Diski sita kwa robo saa ni saa moja na nusu. Kuanzia saa nane, mwisho wake saa tisa na nusu. Diski kumi na nne kwa dakika nane ni dakika mia na kumi na mbili. Ukirudi nyuma kutoka saa moja kamili, unafika saa kumi na moja na dakika nane.

Alipiga mstari chini ya saa zile mbili. Kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja na dakika nane, mashine ya mpwa haikuchoma kitu.

"Kanda ya mjane ni nini?" aliuliza.

Binti alikuwa amekaa sasa, bila kuambiwa. "Mwalimu mmoja mstaafu. Alileta kanda moja, sauti na sura ya mumewe, hana nyingine. Baba alimpa binamu yangu aihamishe. Akaiweka kwenye diski ya kufutika, akatupa kanda, wiki iliyofuata akaichukua diski ileile akajaribia mashine. Akafuta yote. Baba alinipigia simu Alhamisi, analia. Baba yangu halii ovyo. Akasema binamu amalizie kazi ya chuo, baada ya hapo asimsikie anatumia jina lake." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilidhani ni maneno ya hasira. Afande, siku ya mazishi nilimpakulia chakula kwa mkono wangu. Nilimkumbatia."

Inspekta alimshika bega. Alikaa naye mpaka jirani mmoja alipokuja, kisha akapiga simu kituoni kuomba askari wawili.

Ilikuwa saa sita na nusu walipofika kwa mpwa. Askari walibaki mlangoni. Chumba kilikuwa kidogo na kimepangwa vizuri, kitanda kimetandikwa, mashine juu ya stuli, kalamu ya wino mzito imesimamishwa kwenye kikombe. Mpwa alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole wa sauti. Alimsogezea Inspekta kiti pekee kilichokuwepo.

"Shikamoo, Afande. Karibu. Naona mguu bado."

"Marahaba. Bado. Nataka kufunga jalada, nirudie mawili matatu tu. Jumamosi ulianza saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ukamaliza?"

"Saa moja, Matroni alinikuta naweka ya mwisho kwenye kasha."

"Ulitoka?"

"Nitatokaje? Kila robo saa inataka mtu."

"Zote ishirini spidi ya nne?"

"Zote. Mjomba hakutaka nyingine. Mungu amrehemu."

"Unaziandika namba?"

"Ndiyo. Kwa mpangilio."

Inspekta aliandika majibu yale, akampa asaini. Alisaini. Ndipo alipofungua mkoba, akaweka kitandani diski mbili zimelala chali, uso unaong'aa ukitazama juu.

"Niambie kama ni kazi yako."

Hakuna aliyemwambia azipeleke dirishani. Alizichukua kwa pembeni, kidole kwenye tundu, akaenda kwenye mwanga, akalaza ya kwanza, akalaza ya pili. Miaka kumi na mbili ya kufundishwa na mjomba ilimpeleka pale yenyewe. Alipoona miduara mitatu, mabega yake yalishuka.

"Nilikuwa na haraka," alisema.

"Ya nini? Ulikuwa na saa tano, na kazi ya saa tano."

"Nilipitiwa na usingizi."

"Dakika ngapi?"

"Sijui. Saa nzima, labda na nusu."

"Umesema sasa hivi kwamba hukukosa hata robo saa. Umesaini."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagika kwenye saruji.

"Matroni amenipa diski sita nzima," Inspekta aliendelea, kwa sauti ya kuchoka, bila kupandisha. "Zinaniambia ulitoka hapa saa tisa na nusu. Amenipa na kumi na nne mbovu. Zinaniambia ulirudi saa kumi na moja na dakika chache. Mjomba wako alikufa katikati. Kuna mwanamke mahabusu, siku ya kumi leo, na mtoto wake ananyonya kwenye benchi letu. Kesho anasomewa shitaka lako. Wewe unalala usiku?"

Mpwa alikaa kitandani. Aliweka diski magotini, uso juu, ili zisikwaruzike.

"Tatizo ni ile robo saa," alisema hatimaye. "Unaweka diski, halafu huna la kufanya. Unakaa unafikiri. Ya kwanza nikafikiri nitamwomba msamaha. Ya pili, ya tatu, nikafikiri miaka yote ile, na kosa moja. Mpaka ya sita nilikuwa nimechemka. Nikaenda kumwambia anirudishie jina, maana bila jina lake mimi ni nani? Nani atanipa hata kanda moja?"

"Akasema nini?"

"Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa anafuta diski. Akasema, 'Hizo ishirini umemaliza?' Basi. Pasi ilikuwa pale mezani." Akazisogeza diski magotini. "Nilirudi huku nakimbia. Nikakuta bado kumi na nne."

"Na bado ukaziandika namba."

Alimtazama kama vile amesikia swali la kipuuzi. "Mjomba alinifundisha hivyo."

Inspekta alifunga daftari lake. Alishapata alichokitaka, na hakuona furaha yoyote. Aliona chumba kidogo, na mtu aliyejua kazi, na kikombe chenye kalamu moja. Akawaita askari.

Saa tisa kasoro robo jalada lilikuwa mezani kwa Bosi, maelezo mapya juu, chati ya Matroni chini yake. Bosi alisoma akiwa amesimama. Alisoma mara ya pili akiwa amekaa.

"Nilikwambia usiniletee hadithi," alisema.

"Ndiyo, mkuu."

"Mtoe yule mama."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, kupitia korido, mpaka mapokezi. Bibi hakuwa ameondoka tangu mchana. Alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala kwa kulia. Mama Pindo aliketi karibu yake, akampokea, akafungua kifua, kama alivyofanya kila siku, maana hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Inspekta alisimama mbele yao. Ni yeye aliyemfunga pingu siku ile, mbele ya majirani, na damu ya mzee bado mbichi mikononi mwa Mama Pindo, damu aliyoipata kwa kumwinua kichwa.

"Uko huru," alisema. "Tumempata aliyefanya. Unaweza kwenda nyumbani."

Bibi alianza kusema asante, asante, mpaka neno likamkwama. Mama Pindo hakusema asante. Aliinua macho, akamtazama Inspekta muda mrefu.

"Nilikwambia siku ya kwanza," alisema. "Nilikwambia nilikwenda kuchukua pasi, nikamkuta."

"Uliniambia."

"Siku kumi, Afande."

"Nisamehe."

Mtoto alikuwa amekamata titi, anavuta, anaacha kwa hasira, anavuta tena. Askari wa zamu alikuja na kitabu cha kusaini na mfuko wa vitu vyake: mkanda wa kupimia, simu, kandambili. Akasema dada asaini hapa, mlango ule pale, gari la kumpeleka lipo tayari, dereva anangoja.

"Ngoja," alisema Mama Pindo. "Amalize kwanza."

Askari alimgeukia Inspekta. Inspekta alimwashiria aweke kitabu chini. Kisha, kwa sababu goti lilikuwa haliwezi tena, na kwa sababu hakustahili kwenda popote kabla yao, alikaa mwisho wa benchi lile. Walikaa hivyo wote, hakuna anayemharakisha mwenzake. Baada ya muda mtoto akatulia, akaanza kumeza, na bibi akasema maziwa yameshuka.